Baiskeli ya Milimani Katika Nchi Tambarare: Safari ya Siku Moja, Tabora Mjini hadi Kwihara

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa mgahawa ambako mimi hunywa chai kila Jumamosi, nalo lilidai kwamba safari ya baiskeli za milimani kutoka Tabora mjini hadi Kwihara, penye makumbusho ya Livingstone, na kurudi inamfaa hata mtu ambaye hajawahi kugusa baiskeli yenye gia. Dai la namna hiyo ni rahisi kuandikwa na ni gumu kutimizwa, kwa hiyo niliamua kulipima kwa kuwachukua watu wawili wasiofanana hata kidogo: shemeji yangu, muuguzi ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa darasa la sita na ambaye bado ana kovu la siku hiyo gotini, na mpwa wangu wa miaka kumi na minne ambaye hukata kona za mtaa wetu kana kwamba anafukuzwa. Mimi niko katikati yao. Kuendesha najua, lakini pumzi zangu ni za mtu wa ofisini. Tulikwenda Jumamosi moja mwishoni mwa Julai.

Huduma hiyo inaendeshwa na kikundi kidogo cha vijana wa mjini wenye baiskeli tisa, chumba kimoja cha kuzihifadhi na kiongozi mmoja anayetembea na wageni. Sitawataja kwa jina, kwa sababu kuna kasoro nitakazozieleza ambazo nimekwisha kuwaambia wenyewe ana kwa ana, na naamini wanaweza kuzirekebisha. Bei ni shilingi 35,000 kwa mtu mzima na 20,000 kwa mtoto, na katika bei hiyo mna baiskeli, helmeti, kiongozi, chupa mbili ndogo za maji na chakula cha mchana kijijini. Kiingilio cha makumbusho ya Kwihara kinalipwa papo hapo na kila mtu kwa mfuko wake, jambo ambalo tangazo halikulisema.

Kabla ya kwenda mbali, ni vema nilijibu swali ambalo kila niliyemsimulia safari hii ameniuliza huku akicheka: baiskeli ya milimani kwa mlima gani? Swali ni la haki. Baiskeli hizi zilizaliwa katika miaka ya 1970 huko Marin, jimbo la California nchini Marekani, ambako vijana walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene wakashindana kuteremka nazo kwenye barabara za vumbi za mlima Tamalpais, na kufikia mwaka 1996 mchezo wao ulikuwa umeingia katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Tabora haina mteremko wa kumtisha mtu. Mji umekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini ukiwa juu ya uwanda huo huoni kwamba umepanda popote; unachokiona ni miembe, nyumba za bati, mashamba yaliyovunwa, na huku na huko kilima cha mawe makubwa. Hata hivyo tairi nene halikutengenezwa kwa ajili ya mteremko pekee. Lilitengenezwa kwa ajili ya ardhi isiyoshikamana, na ardhi isiyoshikamana ndiyo mali ya Tabora. Mgeni wa mji huu hashindwi na mwinuko. Anashindwa na mchanga.

Hapo ndipo penye kiini cha tathmini yangu. Chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, kinachojulikana kwa kifupi kama IMBA, hupanga njia kwa alama: duara jeupe kwa njia nyepesi kuliko zote, duara la kijani kwa njia nyepesi, mraba wa buluu kwa njia ya kati, na almasi nyeusi kwa njia ngumu. Ili njia ipate duara la kijani, inatakiwa iwe na upana usiopungua sentimita 90 hivi, mwinuko wake kwa wastani usizidi asilimia 5, vizuizi visivyokwepeka visizidi kimo cha sentimita 5, na uso wake uwe mgumu na wenye kutulia. Kwa vipimo vitatu vya kwanza, njia ya Kwihara inapata duara la kijani bila ubishi. Kwa mwinuko peke yake ingeweza hata kudai duara jeupe. Lakini kwa kipimo cha nne, kile cha uso wa njia, kuna vipande, hasa katikati ya safari, ambavyo mtu mkweli ataviita vya buluu. Tangazo linalosema njia hii inamfaa anayeanza linasema kweli kuhusu miguu na mapafu yake, na linanyamaza kuhusu mikono yake, kwa maana ni mikono inayofanya kazi tairi la mbele linapoanza kuogelea.

Tuliambiwa tufike saa moja kamili asubuhi. Tulifika saa moja kasoro dakika tano, tukakuta mlango umefungwa, na baiskeli zikatolewa nje saa moja na dakika hamsini baada ya kijana mwenye ufunguo kupigiwa simu mara nne. Nitarudi kwenye ucheleweshaji huu baadaye, kwa sababu saa ile moja tuliyoipoteza asubuhi kwenye ubaridi tulikuja kuilipa mchana kwenye jua.

Baiskeli zenyewe ni za fremu ya chuma, matairi ya inchi 26 kwa 2.1, gia tatu mbele na saba nyuma, na foki yenye springi ambayo kwa baiskeli yangu ilikuwa imekufa ganzi. Kwa njia hii foki si kitu cha lazima, kwa hiyo sikulalamika. Nililalamikia mambo mawili mengine. La kwanza, kiti cha baiskeli nyekundu aliyopewa shemeji kilikuwa kimeshikwa na kutu kwenye bomba lake na hakikupanda. Kiti sahihi ni kile ambacho ukikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyoko chini kabisa, mguu wako unanyooka; shemeji akikaa, magoti yake yalikuwa yakikaribia usukani. Mtu anaweza kwenda hivyo kilomita mbili. Akienda kilomita ishirini, mapaja yatamsimulia usiku kucha. La pili, baiskeli ya mpwa wangu ilikuwa na waya za breki zilizofungwa kinyume na zetu: mkono wa kushoto kwetu ulishika gurudumu la nyuma, kwake ulishika la mbele. Hakuna mpangilio ulio mmoja duniani katika jambo hili, kwani Uingereza huweka breki ya mbele kulia na Marekani huiweka kushoto, lakini kundi moja la baiskeli za kukodisha halipaswi kuwa na mipangilio miwili. Kijana aliyezoea kubana mkono fulani akibana kwa nguvu breki ya mbele bila kujua, atapaa juu ya usukani. Kiongozi alipooneshwa, alikiri, akatoa spana na kuzibadilisha waya palepale kwa dakika kumi, na hilo lilinipa imani naye ambayo baiskeli zake hazikuwa zimenipa.

Helmeti zilikuwa za kipimo kimoja, kikubwa. Shemeji alivaa yake juu ya kilemba na ikamkaa vizuri kuliko sisi sote.

Sasa niseme mazuri, nayo ni mengi. Kabla ya kuondoka, kiongozi alitupeleka kwenye uwanja wa mpira ulio jirani akatufundisha kwa nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ndiyo sehemu bora ya huduma yao. Hakuanza na maneno. Alimwambia shemeji asikanyage pedali kabisa, bali asukume kwa miguu kama mtoto, akiwa amekaa, mpaka baiskeli ijiendee yenyewe na miguu yake ijisahau. Ilichukua dakika saba. Kisha akatufundisha kubadili gia kabla ya mwinuko na si katikati yake, wakati mguu bado haujaelemewa, kwa sababu cheni inayobadilishwa ikiwa imekazwa huruka au hukatika. Halafu akatupeleka kwenye kona ya uwanja yenye mchanga mwingi na kutufundisha somo la siku: usiukabe usukani, usikate kona kwa ghafla, usiache kukanyaga, sogeza uzito nyuma kidogo, na macho yatazame mita kumi mbele wala si kwenye tairi. Mpwa wangu, aliyekuwa akingojea kwa dharau somo hilo liishe, ndiye aliyeanguka wa kwanza, tena taratibu kabisa, kama gunia linalolazwa. Tangu hapo alisikiliza.

Tulitoka mjini saa mbili na nusu kuelekea kusini-magharibi. Kilomita mbili za kwanza hazina la kusimulia, ni mitaa, bodaboda na madimbwi ya maji ya kufulia. Baada ya hapo lami na kelele vinabaki nyuma, na barabara ya vumbi inaingia chini ya miembe mikubwa. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya biashara katika karne ya 19: kutoka pwani watu walifika hapa, wakapumzika, kisha wakagawanyika, wengine kwenda Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hizo, na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kichwani au begani, juu ya mchanga huu huu uliokuwa ukitutoa jasho sisi tuliobeba chupa mbili za maji.

Nayasema haya kwa sababu kwenye kilomita ya tano, mahali ambapo mchanga ulikuwa mwingi kiasi cha kufunika nusu ya rimu, tulipitwa. Aliyetupita alikuwa mzee mwenye baiskeli ya Phoenix isiyo na gia hata moja, amefunga magunia mawili ya mkaa nyuma, kandambili miguuni, na alitupita akiwa anatusalimia. Sisi watatu, wenye gia ishirini na moja kila mmoja, tulikuwa tumeshuka tunasukuma. Shemeji alimwamkia, "Shikamoo baba," naye akaitika "Marahaba wanangu" bila kupunguza mwendo. Kiongozi wetu hakucheka. Alituonesha kwa kidole alikopita. Pembeni kabisa mwa barabara, karibu na majani, palikuwa na mstari mwembamba wa ardhi iliyoshindiliwa, upana wa viganja viwili, uliotengenezwa na matairi ya watu wanaopita hapo kila siku na mkaa, maji, mahindi na watoto wa shule. Kuanzia hapo tuliufuata mstari huo. Mtu anayeanza atajifunza ufundi zaidi kwa kuukalia mstari ule kwa kilomita moja, bila kuponyoka, kuliko kwa kuteremka kilima chochote.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo vijana hawa bado hawajalipatia. Matairi yalikuwa yamejazwa upepo mwingi, kama pauni 50 kwa inchi ya mraba, kiwango kinachofaa kwa lami. Tairi gumu hukata mchanga kama kisu na kuzama. Tairi lililopunguzwa upepo hulala, likapata uso mpana zaidi wa kukanyagia, na kuelea. Niliomba tupunguze mpaka kwenye 30. Kiongozi alisita, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwa sababu tairi lenye tyubu likiwa na upepo mdogo mno na likagonga jiwe, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Lakini kati ya mjini na Kwihara mawe ya kugonga ni machache na mchanga ni mwingi, kwa hiyo hesabu iko upande wa kupunguza. Tulipunguza. Tofauti ilionekana ndani ya mita mia moja, na shemeji, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja la mjadala wetu, aliuliza kama barabara imebadilika.

Pancha tuliipata moja tu, na haikusababishwa na upepo bali na mwiba. Kiongozi alikuwa na pampu, gundi na viraka, lakini hakuvitumia. Alitupeleka kwa fundi aliyekuwa amekaa chini ya mwembe na beseni lake la maji, umbali wa dakika tatu kwa miguu. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Baadaye nilifahamu kwamba kikundi chao kimepatana na mafundi wawili wa njiani, ili kila mgeni anapopata pancha shilingi elfu moja ibaki kijijini. Mpwa wangu alioneshwa namna ya kuzamisha tyubu majini na kutafuta mapovu, akaifanya kazi nzima mwenyewe huku fundi akimsahihisha kwa kikohozi.

Kwihara tulifika saa nne na robo. Nyumba ya tembe iliyohifadhiwa kama makumbusho ya Livingstone iko peke yake, kuta nene za udongo mwekundu na paa bapa, na mara uingiapo ndani kutoka juani unaelewa kwa ngozi yako kwa nini watu walijenga hivyo. Joto linabaki mlangoni. Maonyesho yenyewe ni ya kiasi. Anayetarajia vioo, taa na sauti zilizorekodiwa atasikitika. Lakini mtunzaji aliyetupokea alizungumza kwa utulivu na kwa mpangilio, na alikuwa na kipaji cha kuanzia pale ambapo msikilizaji amesimama. Alimwuliza shemeji angefanya nini kama angeambiwa angojee usafiri kwa miezi mitano. Hapo ndipo alipoanza: Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliishi hapa katikati ya mwaka 1871 kwa sababu vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji; akalazimika kuzunguka kusini, akamkuta Ujiji David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti aliyekuwa akimtafuta, na wote wawili wakarudi hapa Februari 1872. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani, na hakuondoka mpaka tarehe 25 Agosti 1872. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei, alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wenzake, wakiwamo Abdallah Susi na James Chuma, waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakipita tena hapa Kwihara.

Nimeishi Tabora miaka kumi na miwili na nilikuwa sijafika kwenye nyumba hiyo. Nilidhani ni mahali pa watalii wa Ulaya. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu iliyonigusa haikuwa ya Mskoti wala ya mwandishi wa habari, ila ile ya waliobeba, na niliisikia vizuri zaidi nikiwa na vidole vilivyokufa ganzi kwa kuukaba usukani kuliko ambavyo ningeisikia nikishuka kwenye gari lenye kiyoyozi. Kikundi kinatenga dakika thelathini kwa ajili ya tembe. Hazitoshi. Tulikaa dakika hamsini, na kiongozi, kwa heshima yake, hakutazama saa hata mara moja.

Njia ya kurudi si ile ya kwenda. Inazunguka kupitia vijiji na mabaki ya miombo, na kwa upande wa uendeshaji ndiyo nzuri zaidi: kijia cha upana wa mita moja, ardhi ngumu yenye changarawe nyekundu, mizizi michache, na miinuko miwili mifupi ambayo mtu anaipanda akiwa amekaa ikiwa amekumbuka kubadili gia mapema. Hapa mpwa wangu alipata alichokuja kukitafuta. Kuna mteremko wa mita sabini hivi unaoishia kwenye kona pana, na aliuteremka mara tatu, akisimama juu ya pedali zilizolingana, magoti yamekunjwa, makalio nyuma ya kiti kama alivyofundishwa. Mizinga ya nyuki inaning'inia mitini pande zote mbili, na mtu akisimama aweza kuwasikia nyuki wakifanya kazi. Watoto walitusalimia "Mwangaluka!" katika kila kiambo, na ilipofika kiambo cha tano hata shemeji aliitikia bila kuondoa macho njiani, jambo ambalo asubuhi lingemwangusha.

Chakula cha mchana kiliandaliwa nyumbani kwa mama mmoja ambaye kikundi kimepatana naye. Ugali, kuku wa kienyeji, mlenda uliopikwa kwa karanga, na baada ya hapo matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani, pamoja na chai. Sina neno la kulalamika juu ya mlo huo. Naongeza tu ushauri ambao kiongozi aliupokea kwa kucheka: matobolwa yasingoje mchana, yatiwe mifukoni tangu asubuhi. Ni matamu, hayavunjiki, hayayeyuki, na yanatoa nguvu polepole. Sioni kwa nini mgeni apewe biskuti za dukani katika mkoa wenye chakula hiki.

Tuliondoka kwa mama yule saa saba na robo, na ndipo deni la asubuhi lilipodaiwa. Laiti tungeondoka mjini kwa wakati, saa hiyo tungekuwa tumekaribia nyumbani. Badala yake tulikuwa tunakatiza mashamba yaliyovunwa, hakuna kivuli, upepo wa Julai unatupiga usoni na vumbi, na maji yale ya chupa mbili ndogo yalikuwa yamekwisha tangu Kwihara. Tulinunua mengine kwenye kibanda kwa fedha zetu. Anayekwenda safari hii abebe lita mbili zake mwenyewe na asitegemee mgawo. Kilomita ya kumi na sita, shemeji alisimama, akashuka, akailaza baiskeli chini ya mti na kusema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba yeye amefika.

Namna jambo hilo lilivyoshughulikiwa ndiyo iliyonifanya nikubali kwamba njia hii kweli ni ya wanaoanza. Kiongozi hakumbembeleza wala hakumhimiza. Alisema, "Sawa dada, barabara ya magari iko hapo nyuma ya nyumba zile," na kweli ilikuwa umbali wa dakika tano. Katika ile njia yote ya kurudi, nilivyokuja kuhesabu, hakuna mahali ambapo mtu yuko mbali zaidi ya kilomita moja na barabara inayopita bodaboda. Shemeji alipanda bodaboda, baiskeli ikapakiwa kwenye guta lililokuwa likirudi mjini tupu, naye akafika kabla yetu, akaoga, akatupikia chai. Njia inayoweza kukatishwa wakati wowote bila hatari na bila fedheha humpa anayeanza ujasiri wa kwenda mbali kuliko alivyokusudia, na shemeji alikuwa amekwenda kilomita kumi na sita kwa mtu aliyepanga kwenda nne. Kasoro yake ni ndogo lakini ya kukera: nauli ya bodaboda na ya guta, jumla shilingi 7,000, alilipa mwenyewe. Kikundi kinachotangaza safari kwa wasiojua kinapaswa kuhesabu ndani ya bei yake kwamba baadhi yao hawatamaliza.

Sisi wengine tulimaliza saa tisa kasoro. Simu yangu ilipima kilomita 21, na muda wa kuwa juu ya baiskeli, ukiondoa vituo, ulikuwa saa tatu na dakika ishirini, mwendo ambao mzee wa mkaa asingeukubali.

Kuhusu majira, ushauri wangu unatofautiana na wa tangazo. Wao husifia miezi ya Julai hadi Septemba kwa kuwa hakuna mvua. Ni kweli, lakini katika miezi hiyo mchanga umekauka na kulegea, na Septemba inapoelekea Oktoba joto huwa kali. Anayeanza aende Mei au mwanzoni mwa Juni, mara tu masika yanapokwisha, wakati ardhi bado ina unyevu wa kuushikamanisha mchanga na majani bado yana rangi; kile kipande cha buluu nilichokieleza naamini kitarudi kuwa cha kijani. Anayependa embe kuliko baiskeli asubiri Desemba, na akubali matope.

Kwa bei ile, kwa mafunzo yale na kwa kiongozi yule, ningekwenda tena, na ningewapeleka wageni wangu bila kusita endapo tu baiskeli zitakaguliwa siku moja kabla, na si mbele ya mteja. Juzi kiongozi alinitumia picha ya ile baiskeli nyekundu: bomba limepigwa nyundo na kupakwa grisi, kiti kimepanda juu kabisa, na ujumbe chini yake unauliza dada atarudi lini. Nilimfikishia shemeji. Aliitazama picha kwa muda, akasema kiti kiko vizuri, kisha akaniagiza niulize kama saa moja asubuhi ya safari ijayo itakuwa ya kwenye saa au ya mdomoni.